Utepe wa Mferejini

Nchi ya Bondeni-Juu iko wapi sitasema, maana nina watoto na bado wanasoma shule za serikali. Itoshe kujua kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na watu wake ni wapole kupindukia. Ukimkanyaga mguu mtu wa Bondeni-Juu, yeye ndiye atakayekuomba radhi, kisha akuulize kama kiatu chako kimesalimika.

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo wageni hawaielewi mpaka wakae miaka. Huko, kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja likijengwa likaisha, bado si daraja, ni vifaa vya ujenzi vilivyopangwa vizuri. Siku mgeni rasmi atakapokuja akakata utepe, akapigiwa makofi na akina mama wakapiga vigelegele, hapo ndipo linapokuwa daraja. La Mto Kiwambo lilikaa miaka minne likimsubiri mgeni rasmi, na muda wote huo watu walikuwa wakivuka kwa kuogelea chini yake, nguo wamejitwika kichwani, wakilitazama kwa heshima. Wawili walizama. Kwenye mazishi yao diwani aliwasifu kwamba walikuwa raia wema, hawakugusa utepe hata walipokuwa wanatapatapa.

Na msifikiri utepe unakatwa kwa mkasi wowote tu. Upo Mkasi wa Taifa, mmoja, una gari lake, una dereva wake, na dereva ana msaidizi. Mambo yote hayo yako chini ya Wizara ya Fursa.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Leokadia, mtoto wa pekee wa Mzee Deusdedit, fundi bomba wa mtaa wa Mferejini. Mama alifariki Leokadia akiwa hajaota meno ya mbele, na mzee akamlea mwenyewe, akimbeba mgongoni huku anakaza nati. Darasani mzee hakufika mbali, lakini bomba alilijua. Angeweka sikio ukutani akakuambia maji yanavuja wapi na fundi aliyelifunga alikuwa mlevi wa kiasi gani.

Mtoto akasoma. Akafika chuo kikuu, akachukua uhandisi wa mazingira, akamaliza wa kwanza. Mzee Deusi hakuielewa sana elimu yenyewe. Mafundi wenzake wakimuuliza mtoto anasomea nini, alijibu, "Anasomea uchafu, lakini kwa vitabu." Kisha anacheka mpaka anakohoa. Tangu siku ya mahafali hakumwita tena kwa jina lake. Alimwita Injinia, hata kama anamtuma chumvi.

Siku hiyo ya mahafali mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Fursa, Mheshimiwa Profesa Balozi Hilarioni Kabwela. Alisema hivi, nami nanukuu kama nilivyosimuliwa: "Vijana wa mazingira! Nchi hii imejaa fursa! Tazama kushoto, fursa. Tazama kulia, fursa. Tazama hewa chafu ile inayotoka kiwandani, ile nayo ni fursa! Tatizo lenu nyinyi vijana, hamtazami!"

Leokadia akatazama. Alitazama miaka mitatu.

Alianza na bango lililobandikwa mbele ya Wizara, kubwa kama ukuta wa kanisa, limeandikwa: FURSA LUKUKI KWA WANAFUNZI NA WATAALAMU WA UHANDISI WA MAZINGIRA NA MAENDELEO ENDELEVU. Chini yake kwa herufi ndogo kulikuwa na masharti. Mwombaji awe na umri usiozidi miaka ishirini na mitano na uzoefu usiopungua miaka kumi na tano. Awe na vyeti, na cheti cha kuthibitisha kwamba vyeti vyake ni vyeti. Awe tayari kuanza kazi mara moja, pindi nafasi itakapokuwepo.

Akahudhuria Semina ya Kutambua Fursa. Akahudhuria Kongamano la Kujadili Maazimio ya Semina. Akahudhuria Warsha ya Wadau wa Taka za Plastiki, ambako kila mdau alipewa chupa nne za maji, na chupa zikishakuwa tupu wahudumu walizimwaga mtoni kupitia dirishani ili ukumbi ubaki safi. Kila alikokwenda alipewa fulana ya kijani na kofia. Nyumbani kwao zilifika fulana kumi na saba. Mzee Deusi alizivaa zote kwa zamu, na mtaa mzima ukajua kwamba baba yake Injinia ni mdau.

Aliwahi pia kujitolea Wizarani miezi sita. Mbele ya Wizara kuna shimo la kupandia mti, na kila mwaka Siku ya Mti kiongozi hupanda mti humo. Wageni wakishaondoka, mti unang'olewa ili shimo libaki tayari kwa kiongozi wa mwakani. Kazi aliyopewa Leokadia, mhandisi wa kwanza darasani kwake, ilikuwa kuangalia shimo lisijifukie. Akalilinda kwa moyo wote. Walimpa barua ya kumsifu, ila jina lilikosewa.

*

Mferejini ni mtaa wa chini. Vyoo vya mtaa wa juu viko juu, na mvua ikinyesha kila kitu kinateremka. Watu wa Mferejini wanachota mtoni. Kila masika matumbo ya kuhara yanaanza, na kila masika kuna nyumba mbili tatu zinazotandika mikeka ya msiba. Mwenye mkaa anachemsha maji. Asiyenao anamwomba Mungu.

Leokadia alikuwa na vichupa vya kupimia alivyopewa na mwalimu wake chuoni. Unatia maji, unafunga, unasubiri siku mbili. Yakiwa na uchafu wa chooni yanageuka meusi. Alipima maji ya mtoni. Hayakusubiri hata siku mbili. Asubuhi yake yalikuwa meusi tititi.

"Baba," akasema, "mimi nimechoka kutazama fursa. Tujenge chujio."

"Sema vipimo, Injinia."

Wakajenga. Mtaa mzima ulijitolea. Mama Projesta, jirani yao, mjane mwenye maneno mengi na mgongo wa chuma, alibeba mchanga kichwani ndoo mia na kitu, na kila ndoo aliilalamikia. Vijana walileta kokoto. Mzee Deusi alifunga mabomba yote kwa mkono wake, toka mtoni mpaka tangini, toka tangini mpaka kwenye koki, na hakuna tone lililovuja. Kwa wiki tatu Leokadia aliwakataza watu wasinywe, anapima tu. Siku moja kichupa kikabaki cheupe. Akapima tena, cheupe. Mzee alikishika kichupa kile akakigeuza juani kama mtu anayekagua almasi.

"Kwa hiyo mchanga ndio unaosafisha?"

"Siyo mchanga, Baba. Juu ya mchanga kumeota utando, kama ule ukoko wa uji. Ule ndio unaokula vijidudu. Ni kitu hai. Maji yakipita mchana na usiku, unaishi. Yakisimama siku chache unakufa, unaoza, na hapo chujio lenyewe ndilo linalochafua maji."

"Ala! Kumbe tumefuga."

"Tumefuga, Baba."

Watu wakanywa. Masika yale yalipoanza, matumbo hayakuja. Siku tisa nzima mtaa wa Mferejini ulikunywa maji safi, na nadhani katika historia ya mtaa ule hakujawahi kuwa na siku tisa nzuri namna ile. Siku ya kumi akaja Bwana Anselimu.

*

Bwana Anselimu alikuwa Mratibu Msaidizi wa Utepe, Wizara ya Fursa. Mtu mpole, suti ya kijivu, mkononi robota la utepe mwekundu. Alilizunguka chujio mara mbili, akafungua koki, akafunga, akatikisa kichwa.

"Hongereni sana," alisema. "Kazi nzuri mno. Ila mmefanya kosa dogo."

"Kosa gani?" Leokadia akauliza.

"Linafanya kazi."

"Ndiyo, linafanya kazi."

"Ndilo kosa lenyewe, dada yangu. Halijazinduliwa. Kitu kikianza kufanya kazi kabla ya kuzinduliwa kimejizindua chenyewe, na hilo ni kosa la jinai, kifungu cha tisa." Akashusha sauti kama anayeleta habari ya harusi. "Lakini msihofu! Mheshimiwa Waziri amesikia. Atakuja kulizindua yeye mwenyewe, Alhamisi. Na si hivyo tu. Kwa kazi hii, umeteuliwa kuwa Mhandisi wa Mazingira wa kwanza katika historia ya Jamhuri. Barua imeshachapwa, nimeiona kwa macho yangu, ina mhuri pande zote mbili. Utakabidhiwa siku hiyohiyo mbele ya wananchi."

Mzee Deusi alikaa chini pale pale kwenye matope.

"Sharti ni moja tu," akaendelea Bwana Anselimu huku akifunga bomba la kuingizia maji na kulizungushia utepe, kisha akazungusha tangi, kisha koki. "Utepe usiguswe. Ukiguswa, barua inachanwa."

"Maji yakifungwa chujio linakufa," Leokadia akasema. "Kaka yangu, nisikilize. Ni kitu hai. Siku tatu, nne, basi."

"Haliwezi kufa, dada. Halijazinduliwa."

Na kwa kuwa shughuli yenyewe ilikuwa ya mazingira, akabandika tangazo la pili: moshi marufuku mtaani Mferejini mpaka mgeni rasmi atakapokuja na kuondoka. Mkaa, kuni, majiko ya mafuta, vyote marufuku, hewa iwe ya kijani.

"Na maji ya kunywa tutachemshaje?" Mama Projesta akapaza sauti.

"Hilo ni wazo zuri sana, mama. Liandike. Kuna kisanduku cha maoni pale Wizarani."

Alhamisi ikafika. Mheshimiwa hakuja, alikuwa nje ya nchi akipokea tuzo ya maji endelevu. Ikapangwa Alhamisi nyingine. Siku hiyo alikuwa anazindua ratiba ya uzinduzi. Ikapangwa nyingine tena, lakini Mkasi wa Taifa ulikuwa umepelekwa kunolewa, na jiwe la kunolea ndiyo kwanza lilikuwa linasubiri kuzinduliwa. Huku mtaani watu wakarudi mtoni na ndoo zao. Wakanywa kama walivyoteka. Ya Rabi, tufanyeje, walisema, na wengine waliinamia tangi lile wakaliomba radhi kwamba wanakwenda kuchota kwingine.

Nyumba ya tano kutoka kwao, Mzee Senkoro akafa. Kisha mtoto mchanga wa muuza maandazi. Jumanne ya wiki ya tatu Leokadia aliamka asubuhi, akachukua kisu cha jikoni, akatoka.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya utepe. Amevaa fulana yake ya kongamano.

"Injinia, unakwenda wapi na kisu?"

"Nipishe, Baba."

"Sipishi."

"Watu wanakufa."

"Naona. Nina macho." Mzee alimtazama, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya kuomba. "Mwanangu, miaka mitatu nakuona unatoka na bahasha unarudi na kofia. Mimi nimeshika mavi ya watu maisha yangu yote ili wewe usishike. Alhamisi anakuja. Siku mbili. Siku mbili tu, mama yangu, halafu utawaokoa watu wa nchi nzima, siyo Mferejini peke yake. Ukikata leo, nani atakupa kazi tena?"

Leokadia alisimama pale na kisu mkononi. Nitasema ukweli kwa sababu mwenyewe aliusema baadaye, na kuusema kulimwuma kuliko kitu chochote: hakumwogopa baba yake. Mzee wa miaka sitini na saba, angemsogeza kwa mkono mmoja. Aliitaka ile barua. Aliitaka kwa njaa ya miaka mitatu. Akarudi ndani, akakirudisha kisu kwenye kikapu cha vyombo.

*

Siku maji yalipofungwa, ndani kwao lilikuwa limebaki dumu moja la maji ya chujio. Mzee Deusi alikuwa akimmiminia binti yake kikombe asubuhi na kikombe jioni. "Na wewe, Baba?" "Mimi nimeshakunywa." Kila siku ameshakunywa. Injinia mzima, mwenye hesabu za tangi na mabomba kichwani, hakuhesabu vikombe vya dumu moja. Dumu lilipoisha ndipo alipojua kwamba limekuwa likipungua kwa kinywa chake peke yake.

Jumatano mzee alianguka pale pale kwenye kigoda. Matumbo yalimwanza alfajiri na hakusema. Mpaka mchana macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Wakamkimbiza zahanati kwa mkokoteni wa kokoto.

Muuguzi alimtazama mara moja tu, akamvuta Leokadia pembeni.

"Dada, wewe unajua ni nini. Na mimi najua. Lakini siwezi kuandika. Kipindupindu cha mwaka huu hakijazinduliwa."

"Dripu je?"

"Zipo. Maboksi arobaini. Nenda kaone."

Akaenda akaona. Stoo ilikuwa na maboksi mpaka darini, na mlango ulikuwa umefungwa utepe mwekundu, fundo la Bwana Anselimu lilelile. Leokadia aliukamata ule utepe kwa mikono yote miwili akauvuta, akauuma kwa meno, ukakatika. Wizara ilikuwa imeufunga mlango kwa kufuli pia, ndani ya fundo, na ufunguo ulikuwa makao makuu. Alipiga lile kufuli kwa tofali mpaka vidole vikatoka damu. Mlinzi akaja, akamshika, akimwomba radhi.

Muuguzi alikuwa anampa mzee maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, huku anajaza fomu kwa mkono wa pili na machozi yanadondokea karatasi. Aliandika: tumbo la kawaida.

Mzee Deusi akafumbua macho. "Injinia. Barua imefika?"

Leokadia alikuwa ameishika ile fomu ya zahanati. "Imefika, Baba."

"Nisomee."

Akaikunjua. Akakohoa kidogo, kama anavyofanya mtu anayesoma mbele ya watu. "Jamhuri ya Bondeni-Juu. Wizara ya Fursa. Ndugu Mhandisi Leokadia Deusdedit. Tunayo furaha kukujulisha kwamba umeteuliwa..." Na akaendelea, akatunga vifungu, akatunga tarehe, akatunga ofisi yenye dirisha linalotazama mto.

"Ina mhuri?"

"Pande zote mbili, Baba."

Mzee akatabasamu. Alikufa saa tisa alasiri, fulana ya kongamano ikiwa imemganda mwilini.

*

Walimzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi msafara ukaingia Mferejini: magari kumi na moja, ngoma, viti vya plastiki, gari la Mkasi wa Taifa likiwa la tatu toka mbele. Bwana Anselimu alimkuta Leokadia amekaa kwenye mkeka wa msiba, amejifunga kanga kichwani.

"Pole sana, dada. Sana," alisema, na nadhani alimaanisha. "Lakini jina lako lipo kwenye ratiba, kipengele cha nne."

Leokadia akasimama akaenda. Msimwulize kwa nini. Alikwenda kuchukua barua ya baba yake.

Mheshimiwa Profesa Balozi alihutubia saa moja na nusu. "Ndugu wananchi! Wapo wanaobeza, wanauliza, fursa ziko wapi? Leo nawajibu: ziko Mferejini! Chujio hili ni matokeo ya maono! Serikali haikuja na mchanga, haikuja na kokoto, haikuja na mabomba. Serikali ilikuja na kitu kikubwa zaidi: ilikuja!" Makofi. Akakata utepe. Vigelegele. Bomba likafunguliwa, maji yakaingia tangini, koki ikatiririka, na Mheshimiwa akanyanyua glasi ya maji aliyokuwa amemiminiwa kutoka kwenye chupa ya dukani, akanywa mbele ya kamera.

Kisha akamkabidhi Leokadia barua. Mihuri ilikuwepo kweli. Pamoja nayo karatasi ya pili: hati ya kuthibitisha kwamba maji ni salama, na nafasi ya sahihi ya Mhandisi wa Mazingira wa Jamhuri.

Leokadia aliinusa ile koki. Harufu ilikuwa ya kitu kilichooza.

"Siwezi kutia sahihi," akasema. "Limekufa."

Mheshimiwa akainama kidogo. "Nani amekufa?"

"Chujio, Mheshimiwa. Na baba yangu."

Mheshimiwa akawaomba watu wasimame dakika moja. Bwana Anselimu akamnong'oneza kwamba dakika hiyo haimo kwenye ratiba, wakakaa baada ya nusu. Hati ikatiwa sahihi na Bwana Anselimu, kwa niaba. Na kwa kuwa mhandisi aliyekataa agizo la kwanza hafai, barua ikachukuliwa kutoka mkononi mwake, kwa adabu. Alikuwa ameajiriwa saa nne na robo asubuhi. Akaachishwa saa nne na dakika ishirini na sita. Katika taarifa ya mwaka ya Wizara, ukurasa wa mbele, imeandikwa: vijana wa mazingira walionufaika na fursa, mmoja.

Msafara ulipoondoka, watu wakajipanga na ndoo. Leokadia alisimama mbele ya koki, amenyoosha mikono.

"Msinywe, jamani! Lilikaa limefungwa wiki tatu. Ndani kumeoza. Bora hata ya mtoni!"

Watu wakatazamana. Mama Projesta ndiye aliyesogea, ndoo kichwani.

"Mwanangu, pole kwa msiba. Lakini tueleze sisi wajinga. Kabla halijazinduliwa ulituambia tunywe. Leo limezinduliwa, waziri amekunywa tukimwona, unatuambia tusinywe. Wewe unataka nini hasa?"

Leokadia aliegemea koki. Alijua jibu lote, lakini lilikuwa la miaka minne ya chuo, na ndoo zilikuwa zimeshamfikia. Wakamsogeza pembeni taratibu, wawili wakimshika mabega. Wakachota.

*

Hapa niwaeleze desturi ya mtaa ule. Mferejini msiba ukitandikwa, mtaa mzima haupiki wala haunywi majumbani. Kila nyumba inachota maji yake na kuyapeleka msibani, na pale ndipo watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanakula na kunywa mpaka siku ya kuanua matanga. Kwa kawaida ni siku tatu.

Leokadia alirudi akakaa kwenye mkeka. Ndoo zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, zimejaa maji yaliyozinduliwa. Akaziangalia. Moshi ulikuwa umeruhusiwa tena, kwa kuwa mgeni rasmi ameondoka. Akainuka, akaenda uani, akawasha kuni chini ya sufuria kubwa la mtaa, akamimina ndoo ya kwanza.

Alichemsha siku ile hadi mvuke ukamlowesha nywele. Akachemsha kesho yake. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, alikuwa akipanda tangini na koleo, anakwangua tabaka lililooza, anarudi jikoni. Watu waliendelea kuchota, maji yaliendelea kupita, na utando mpya, kama ulikuwepo, ulikuwa na nafasi ya kuota. Siku ya tatu wazee wakaja kuanua matanga.

"Bado," akasema Leokadia.

"Bado nini, binti?"

"Sijamaliza kumlilia baba yangu."

Nani angemkatalia? Wakakaa. Siku ya saba akasema bado. Siku ya kumi na mbili Mama Projesta alimjia jikoni, macho yake mekundu kwa moshi.

"Leokadia, matanga gani haya? Mgongo wangu umekwisha kwa mikeka. Na mbona wewe mwenyewe hatujakuona ukitoa chozi hata moja? Unachemsha maji tu, unachemsha, kama una mkataba nayo."

"Nisaidie kuni hizo, mama."

Mama Projesta akalalamika, akaleta kuni. Wengine walisema msiba umemvuruga akili. Wizara ikasikia, ikaandika barua kumwonya kwamba matanga ya kupita siku saba yanahitaji kibali na mgeni rasmi. Akaitumia kuwashia moto. Na mtaani, tangu ule mkeka ukae, hakuna aliyeumwa tumbo tena. Mheshimiwa alikwenda nje kupokea tuzo ya pili, akaonyesha takwimu: toka siku ya uzinduzi, vifo Mferejini, sifuri.

Siku ya thelathini na nane Leokadia alitia maji ya koki kwenye kichupa cha mwisho alichobakiza. Akakiweka dirishani. Asubuhi, cheupe. Mchana, cheupe. Siku ya arobaini asubuhi alikiinua juani, na kilikuwa bado kimetulia, cheupe, hakina hata kivuli.

Akazima moto. Akawaita wazee, akasema mnaweza kuanua. Watu wakamshukuru Mungu, wakakunja mikeka, wakachukua ndoo na sufuria zao, kila mtu akashika njia ya kwake, na akina mama wakaenda kuchota kwenye koki kama wanavyochota watu wote duniani. Ua ukabaki mtupu na majivu katikati.

Mama Projesta alikuwa wa mwisho. Alifika mlangoni akasikia sauti nyuma yake, akageuka. Leokadia alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kwa sauti ambayo mtaa ule haujaisikia tena, anamwita baba yake.

"Jamani mtoto huyu!" Mama Projesta akatua ndoo. "Siku arobaini tumekaa hukutoa hata chozi, leo tunaondoka ndiyo unalia?"

Leokadia akaendelea kulia. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza.